Endelevu na Endeleza: Neno Moja katika Somo la Mkakati wa Biashara kwa Wanafunzi wa Uhandisi

1.0 Utangulizi

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, na lugha ya kufundishia humo imekuwa Kiingereza. Mhandisi anayehitimu na kutaka kuanzisha biashara vijijini hulazimika kuueleza mpango wake mara mbili: kwa wakopeshaji kwa lugha aliyosomea, na kwa wanakijiji kwa Kiswahili. Makala hii inahusu maelezo hayo ya pili. Inadaiwa hapa kwamba neno *endelevu*, ambalo sasa halikosekani katika mpango wowote, humruhusu mwanafunzi kukwepa swali ambalo somo lilipaswa kumbana nalo.

2.0 Umbo la Neno

Kivumishi *-endelevu* kimeundwa kutokana na kitenzi *endelea* kwa kiambishi tamati *-vu*, kama vile *-tulivu* kutokana na *tulia*, *-nyamavu* kutokana na *nyamaa*, na *-potevu* kutokana na *potea*. Vivumishi vya aina hii aghalabu hueleza hali ya nomino yenyewe, havidai yambwa. Mtu mtulivu ametulia yeye, si lazima awe amemtuliza mwingine. Vivyo hivyo, mradi endelevu ni mradi unaoendelea. Unaendeleza nini? Umbo halisemi. Kitenzi *endeleza*, kwa upande wake, ni cha kauli ya kutendesha na ni elekezi: anayekitumia hana budi kutaja kinachoendelezwa. (Ufasaha wa *maendeleo endelevu*, ambamo mzizi mmoja unarudiwa katika maneno mawili, ni mjadala mwingine.)

3.0 Delta ya Rufiji

Tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Katika miaka ya 1990 ulipendekezwa mradi mkubwa wa kufuga kambamiti katika delta ya Rufiji, ukikusudiwa kuchukua hekta zipatazo 10,000. Serikali iliuridhia mwaka 1997, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilikuwa limeshauri ukataliwe. Wakazi walikwenda mahakamani, na mradi haukutekelezwa.

Hesabu za mradi wa namna hiyo zaweza kuonyesha faida mwaka hadi mwaka, na kwa maana hiyo finyu ukaitwa endelevu. Lakini kambamiti wa porini hukulia katika mikoko kabla ya kutoka baharini, na mavuvio yaliyo mbele ya delta ni miongoni mwa makuu ya kambamiti nchini. Anayekata mikoko ili achimbe mabwawa anamnyima mvuvi mazalia. Tena, katika Asia mabwawa mengi ya aina hiyo yalikwisha kutelekezwa baada ya miaka michache kwa sababu ya maradhi. Mwanafunzi anayelazimishwa kuandika *mradi utaendeleza…* atakwama papo hapo katika yambwa, na kukwama huko ndiko kujifunza.

4.0 Zoezi la Mtunda

Mwalimu aweza kutoa zoezi lifuatalo. Kampuni ndogo ya wahandisi inataka kuweka mashine ya kukoboa mpunga katika kata ya Mtunda, wilayani Kibiti. Mwanafunzi aandike mkakati wa miaka kumi kwa Kiswahili, asitumie *endelevu* hata mara moja.

Jambo la kwanza litakalomsumbua ni maji. Wakulima wa bonde la Rufiji wana kilimo cha *mlao*, yaani kupanda katika unyevu unaobaki mafuriko yanapopungua. Kwao mafuriko ni maafa na pia ni mbolea. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022, na mwendo wa mto haukubaki kama ulivyokuwa. Hata hivyo, Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika. Mkakati unaodhani mavuno ni yaleyale kila mwaka hauna msingi. Pumba nazo zitatupwa mtoni, zitachomwa, au zitauzwa kwa wachoma matofali? Nani Mtunda atajua kubadili beringi, naye atalipwa na nani mwaka ambao mpunga haukupatikana?

Majibu yasahihishwe kwanza kwa sarufi. Panapoandikwa *mashine itaendelea*, mwanafunzi arudishiwe karatasi yake aandike *itaendeleza*, kisha ataje ni kipato cha nani, kwa misimu mingapi, na kwa fedha zipi.