Usipoziba Ufa: Kutengeneza Fremu ya Gari Iliyopasuka

Wakulima wengi wa Timau hubeba viazi na ngano kwa magari yaliyotumika miaka mingi. Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, imesifiwa sana kwa sababu bodi yake ya aluminiamu hailiwi na kutu upesi. Lakini chini ya bodi hiyo iko fremu ya chuma, yaani boriti mbili ndefu zilizo wazi ndani kama sanduku. Matope ya barabara za mashambani huingia humo, hukaa na maji, na kutu huanza ndani mahali usipoona. Kwa hiyo bodi nzuri si dalili ya fremu nzuri.

Mzigo nao huvunja fremu. Magunia 20 ya viazi ya kilo 50 ni kilo 1,000, yaani tani moja. Ukiongeza magunia 10 kwenye pikapu ya tani moja, kila shimo la barabarani huipiga fremu kwa nguvu isiyotengenezewa.

JINSI YA KUUTAFUTA UFA

Osha gari chini mpaka matope yote yatoke. Tazama hasa mahali springi zinaposhikwa, karibu na sanduku la usukani, na penye viungo vya boriti. Mlango ukianza kukataa kufunga vizuri, shuku fremu.

Ukiona mstari mwembamba na huna hakika, paka mafuta ya taa, ngoja kidogo, futa pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Kama ni ufa, mafuta yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Halafu gonga fremu kwa nyundo pande zote. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, na pengine nyundo hutoboa.

KAZI YA FUNDI

1. Ondoa nyaya za betri. Ondoa tangi la petroli kabisa ikiwa liko karibu na kazi. Usidhani tangi tupu ni salama: mvuke uliobaki ndani waweza kulipuka.

2. Egemeza gari juu ya viguzo imara mahali sawa. Usimwache mtu aingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Pima fremu kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda, inyoshwe kwanza.

3. Toa rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Toboa tundu dogo mwishoni mwa ufa, kwa maana ufa usiozuiwa huendelea mbele ya kiraka.

4. Kama chuma ni kinene, chimba ufa uwe kama mfereji, ili chuma cha kuchomelea kifike chini. Kisha ufa uchomelewe na kusawazishwa.

5. Weka kiraka cha chuma chenye unene sawa na fremu. Kiraka kinene mno hukaza mahali pamoja, na ufa mpya hutokea kando yake. Kata ncha zake kama ncha ya mkuki, ili kusiwe na mstari wa kuchomelea unaokata boriti wima.

6. Choma vipande vifupi vifupi, na uache kipoe chenyewe. Usimwage maji, chuma chenye moto kikimwagiwa maji chaweza kuwa kigumu na kuvunjika upesi. Mwisho, paka rangi ya kuzuia kutu nje, na mafuta mazito ya kuzuia kutu ndani ya boriti.

LINI USITENGENEZE

Kama nyundo imetoboa mahali pengi, kiraka hakina pa kushika. Badilisha sehemu nzima au fremu yote. Malori makubwa mengine yana fremu za chuma maalumu kinachopoteza nguvu kikipata moto. Fuata maagizo ya kiwanda kabla ya kuchoma.

Baada ya matengenezo, tazama kiraka baada ya safari chache za kwanza, na tena kila msimu wa mvua unapokwisha. Fremu ikikatika barabarani, usukani huweza kushindwa, na walio ndani pamoja na wapita njia ndio watakaoumia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa fremu ni ghali kuliko magunia yote uliyobeba.