SOMO LA 14: KAZI YA DUKA KUBWA

Mwanao amepata kazi Dar es Salaam, katika duka la kampuni yenye matawi mengi. Umefurahi. Je, unaijua kazi hiyo?

Duka hilo si kama duka la kijijini. Mwenye mali haonekani. Wapo meneja, walinzi, wapanga bidhaa na keshia. Keshia hupokea fedha kutwa nzima. Jioni fedha huhesabiwa. Zikipungua, huulizwa yeye.

Hapo ndipo wengine huumia. Hukatwa mshahara, nao hunyamaza, kwa sababu walitia sahihi karatasi wasizozisoma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humlinda mfanyakazi wa Tanzania. Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku, wala saa 45 kwa juma. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apumzike dakika 60.

Fedha zikipotea, mshahara haukatwi ovyo. Lazima kosa liwe la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza, naye akubali kwa maandishi. Makato hayo yasizidi robo ya mshahara.

Basi mwambie mwanao: soma kwanza, ndipo utie sahihi.

Maswali
1. Keshia huulizwa nini jioni?
2. Mshahara ni shilingi 240,000. Makato yasizidi shilingi ngapi?
3. Je, wewe umewahi kutia sahihi karatasi usiyoisoma? Zungumzeni darasani.