Marafiki Wakutana Gondokoro

Chukueni ramani ya Afrika, mkaweke kidole mahali ambapo Mto Naili hutoka katika Ziwa Viktoria, karibu na mji wa Jinja. Kisha fuateni mto huo kwa kidole kwenda kaskazini, mpite nchi ya Unyoro, mpaka mfike karibu na Juba, katika Sudani ya Kusini. Hapo, kwenye ukingo wa mashariki, palikuwa na kituo cha wafanyi biashara ya pembe za ndovu, jina lake Gondokoro. Habari tutakayoisoma ni ya marafiki wawili waliokutana mahali hapo mwaka wa 1863, mmoja akitoka kaskazini kwa jahazi, na mwenzake akitoka kusini kwa miguu.

Aliyetoka kusini ni John Speke, Mwingereza, pamoja na mwenziwe James Grant. Waliondoka Unguja mwezi wa Septemba, 1860, wakiwa na msafara mkubwa wa askari na wapagazi. Nia yao ilikuwa kuhakikisha Mto Naili unatoka wapi, jambo ambalo watu wa Misri na Ulaya waliliuliza kwa maelfu ya miaka. Mkuu wa watu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao, ambaye utotoni alikamatwa akauzwa utumwani, akapelekwa Bara Hindi, akarudi Unguja akiwa huru. Yeye na Speke walikuwa wamekwisha safiri pamoja katika safari ya kwanza ya bara, wakazoea kusemezana kwa Kihindustani. Watu husahau kwamba Speke hakujua vema lugha za nchi alizozipita; mambo mengi aliyoyaandika yalimfikia kwa kinywa cha Bombay.

Tarehe 28 Julai, 1862, Speke aliyaona maporomoko ambapo Naili hutoka ziwani. Lakini kufika Gondokoro kulikuwa bado. Wafalme waliwazuia miezi mingi, mguu wa Grant uliugua sana, na watu wengi wa msafara walitoroka au walikufa njiani. Wale waliobaki na kufika Gondokoro walikuwa wanaume 18 tu, na Speke akawaita waaminifu wake.

Sasa tumtazame yule wa kaskazini. Samuel Baker alikuwa rafiki wa Speke tangu zamani. Alikuwa mwindaji hodari, mwenye mali yake mwenyewe, wala hakutumwa na mtu. Alisikia kwamba Speke na Grant wako bara na kwamba hawana habari, akakata shauri kupanda Mto Naili kuwatafuta, na kama ikiwezekana avumbue jambo lake mwenyewe. Bibi Florence alikwenda naye, akavumilia safari yote kama mwanamume yeyote, na pengine kuliko wengi wao.

Waliondoka Khartoum tarehe 18 Desemba, 1862, katika majahazi matatu. Walikuwa watu 96, mabaharia pamoja na askari, na wanyama wa kubeba mizigo: farasi wanne, ngamia wanne, na punda 21. Kusafirisha ngamia ndani ya jahazi si kazi ndogo, nanyi mnaweza kufikiri wenyewe harufu na kelele zilizokuwamo.

Mwanzoni safari ilikuwa njema, maana majira yale upepo wa kaskazini huvuma ukayajaza matanga na kulisukuma jahazi kupanda mto, ingawa maji yanatelemka. Lakini baadaye mto huingia katika kinamasi kikubwa mno kiitwacho Sudd. Huko hakuna ukingo wala nchi kavu. Ni mafunjo na matete tu, hata macho yachoke. Mto hujipinda huku na huku kama nyoka, na upepo uliokuwa nyuma ya jahazi asubuhi huweza kuwa mbele yake adhuhuri. Ndipo matanga yakakunjwa, mabaharia wakashuka majini na matopeni, wakavuta majahazi kwa kamba. Mbu hawakuwaacha usiku wala mchana. Mmoja katika watu wa Baker, seremala Mjerumani, aliugua akafa, akazikwa huko mtoni. Baada ya siku 46, tarehe 2 Februari, 1863, walitia nanga Gondokoro.

Hawakukuta mji. Zamani kidogo wamisionari kutoka Austria walikaa pale, lakini wengi wao walikufa kwa homa na kituo kikaachwa. Palibaki matofali yaliyobomoka na miti michache ya ndimu. Waliokuwapo sasa ni wafanyi biashara na askari wao, watu wakali na walevi, ambao biashara yao ya pembe ilikuwa imechanganyika na biashara ya watumwa. Hawakufurahi kumwona mgeni ambaye angeweza kuyasimulia matendo yao. Baker akakaa akingoja. Aliambiwa kwamba kundi la watu wa pembe litakuja kutoka kusini, akataka wapagazi wao wamchukulie mizigo yake.

Katikati ya mwezi ule, siku moja asubuhi, milio ya bunduki ilisikika kwa mbali. Watu wa Baker wakaja mbio hata jahazini wakisema kwamba kundi la pembe limefika, na kwamba wazungu wawili wamo pamoja nao, waliotoka baharini upande wa pili. Baker hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia. Akaona watu wawili wanakuja kando ya mto, na walipokuwa bado mbali kidogo alimtambua Speke. Akavua kofia, akapiga ukelele wa furaha, akamwendea mbio.

Speke hakumtambua. Ndevu za Baker zilikuwa zimekua, na uso wake umebadilika; tena Speke hakumtazamia hata kidogo kuwa mahali kama pale. Alisimama akimtazama tu, mpaka alipofahamu ni nani. Speke alikuwa amekonda mno, maana alikuja kwa miguu yake njia yote tangu pwani. Grant alivaa matambara, na magoti yake yalionekana wazi katika suruali iliyochakaa.

Watu wa Baker nao walitaka kuwaheshimu wageni, wakapiga bunduki hewani kwa fujo. Lakini bunduki zilikuwa na risasi, na katika shangwe ile wakampiga punda mmoja wa bwana wao, akafa. Ndiyo sadaka iliyotolewa siku ile.

Wakaketi chini ya kivuli cha jahazi wakazungumza. Mwenye habari za Ulaya alikuwa Baker, na habari moja ilikuwa ya msiba: Mwana mfalme Albert, mume wa Malkia Viktoria, alikuwa amekufa tangu Desemba, 1861, na wasafiri hawa walikuwa hawajui. Speke naye alieleza habari za ziwa na za mto. Baker aliposikia kwamba kazi yote imekwisha, alifurahi kwa ajili ya rafiki yake, lakini moyo wake ulishuka kidogo. Akauliza, nusu kwa mzaha, kama haikubaki hata sehemu ndogo ya sifa kwa ajili yake.

Basi hapa ndipo yapasa kumtazama Speke. Msafiri mwingine angenyamaza, ili jambo lililobaki alifanye yeye mwenyewe siku nyingine. Speke alimwambia wazi kwamba liko ziwa lingine upande wa magharibi, watu huliita Luta Nzige, nalo limeungana na Naili. Lakini yeye alizuiwa asilifikie. Akampa ramani yake na maelezo ya njia. Baker naye akampa majahazi yake, na chakula na fedha, ili wateremke mpaka Khartoum. Bwana mmoja alikuwa amechangiwa paundi 1000 huko Uingereza ili akawangoje wasafiri hawa kwa majahazi, lakini siku ile hakuwapo. Speke alimkasirikia sana, ingawa kwa haki tuseme kwamba mtu yule alipatikana na mvua na maradhi mengi njiani, akafika siku chache tu baadaye.

Tarehe 26 Februari Speke na Grant waliingia jahazini pamoja na Bombay na wenziwe. Waliobaki hawakuweza kusema maneno mengi. Baker alisimama ukingoni akilitazama jahazi mpaka lilipozunguka pindo la mto lisionekane tena.

Baker na Bibi Florence walikwenda kusini kwa taabu nyingi. Askari wao waliwaasi, na bibi alipigwa na jua kali hata akalala siku kadha bila fahamu. Tarehe 14 Machi, 1864, waliliona ziwa waliloelezwa, Baker akaliita Albert kwa jina la yule mwana mfalme aliyekufa. Wakalisafiria kwa mtumbwi siku 13. Walipotoka bara mwaka wa 1865, Speke hakuwapo duniani. Alikuwa amekufa Uingereza tarehe 15 Septemba, 1864, akivuka ukuta wa mawe katika kuwinda, bunduki yake ikalia ghafula. Hakupata kujua kwamba rafiki yake alilifikia lile ziwa.

Na wale waaminifu 18? Kutoka Khartoum walifika Kairo, wakapigwa picha, kisha wakapanda merikebu huko Suez. Wakapitia Aden, Mauritius na Seychelles kabla ya kufika kwao Unguja, nao wakawa wameizunguka nusu ya Afrika. Mwaka wa 1871 Bwana Stanley alipotafuta watu wa kwenda naye bara, aliwaandika Bombay na baadhi ya wenziwe wa zamani, na msafara ukavuka bahari kwenda Bagamoyo.

MASWALI

1. Kwa nini mabaharia waliyavuta majahazi kwa kamba walipofika katika kinamasi?
2. Speke alimpa Baker nini, na Baker alimpa Speke nini?
3. Onyesheni katika ramani njia ya Bombay tangu Unguja mpaka Kairo, na njia aliyoirudia.