Aliye Kwenye Simu, Yuko Wapi?

Andiko: 2 Yohana 12, 1 Yohana 1:1–3

Jumapili nilianza na kukiri kosa, na waliokosa ibada wanafaa kulisikia pia. Mapema mwaka huu nilisema hapa mimbarini kwamba gemu za mtandaoni ni ulimwengu wa uongo, na anayeishi humo anaishi uongo. Mlipiga makofi. Ibada ilipoisha kijana wetu mmoja akanifuata: "Pasta, kwani 2020 tulipoabudu kwa simu, ile pia ilikuwa uongo?" Nikamwambia aniombee, na hiyo ndiyo njia yetu wachungaji ya kukimbia swali.

Mnakumbuka. Machi 2020 makanisa yalifungwa. Yalipofunguliwa Julai ilikuwa watu 100 tu, saa moja, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Shosho zetu walishika simu za wajukuu wakaomba, na Mungu akawasikia. Siwezi kuita hiyo uongo.

Mwaka 1974 mwanafalsafa Mmarekani, Robert Nozick, aliuliza: kama kungekuwa na mashine ya kukupa kila raha unayotaka, ukidhani ni kweli, ungekubali kufungwa humo maisha yako yote? Yeye aliona wengi wetu tungekataa, kwa sababu tunataka kutenda kweli, si kuhisi tu kwamba tumetenda. Hapo niko naye. Lakini ndani ya mashine ile uko peke yako. Kwenye gemu kuna mtu upande wa pili.

Sikilizeni habari ya Mats Steen wa Norway. Alikuwa na ugonjwa wa kudhoofisha misuli, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akicheza World of Warcraft kwa jina Ibelin. Alifariki 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walilia wakidhani hakuwahi kuwa na rafiki. Baba akatangaza kifo kwenye blogu ya mwanawe, na barua pepe zikaanza kumiminika: huyu alimfariji, yule alimshauri. Wengine walisafiri hadi mazishini. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa amewaficha hali yake. Waliomwona kila siku hawakujua anachofanya, na waliojua hawakuwahi kumwona.

Hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Yohana. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini hakutaka kuyamaliza kwa karatasi na wino. Alitarajia kuja, waongee uso kwa uso, furaha ikamilike. Hata hivyo barua aliiandika! Wino ndio ulikuwa simu yake. Barua ilikuwa ya kweli, ila furaha ilikuwa bado haijatimia. Ni Yohana huyo huyo anayesisitiza kwamba Neno la uzima walilishika kwa mikono.

Jumanne nilienda kwa yule kijana, nikamwomba anionyeshe anacheza na nani. Mmoja wao amefiwa na babake mwezi huu, na kijana wetu ndiye hukesha naye usiku wakiongea. (Mama alidhani ni utundu.) Nikauliza jamaa anakaa wapi. Kitengela, matatu mbili tu kutoka hapa, na hawajawahi kuonana.

Jumamosi tunaenda kumwona, sisi watatu. Mama ameshanunua unga na sukari.