Tuoge Ghuba Gani?

Safari ya ziwani

Darasa moja la kisomo cha kujiendeleza wilayani Biharamulo lilimaliza kitabu chake. Wanakisomo wakakubaliana kwenda Ziwa Viktoria kwa siku moja. Baadhi yao ni wenyeji wa Ngara. Wao waliujua mto Ruvubu na mto Kagera, lakini ziwa kubwa walikuwa hawajaliona.

Walifika kwenye mwalo mmoja upande wa Chato. Zamani Chato ilikuwa ndani ya wilaya ya Biharamulo. Tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita.

Hapo waliona ghuba mbili. Ghuba ya kwanza ilikuwa karibu na mwalo. Maji yake yalitulia kama maji ya mtungini. Matete yaliota pembeni, na akina mama walikuwa wakifua nguo. Ghuba ya pili ilikuwa mbali, mwendo wa nusu saa. Ilikuwa na mchanga, mawe na upepo. Mawimbi yalipiga ufukoni bila kupumzika.

Vijana wakaanza kuvua viatu. "Tuoge hapa hapa," walisema. "Maji yametulia, na kivuli kipo."

Maneno ya mzee

Mzee mmoja wa darasa akasema, "Ngojeni kwanza, wanangu."

"Tunakusikiliza, mzee," wakajibu.

"Nilipokuwa kijana nilivua samaki katika ziwa hili. Kila siku nilioga kwenye ghuba iliyotulia kama hii. Baada ya muda nikaanza kuharisha damu. Tumbo likauma, nguvu zikaniishia. Jirani zangu walisema nimelogwa. Nikauza mbuzi wawili kwa waganga. Mwishowe nilikwenda zahanati. Wakapima choo changu, wakaona mayai ya kichocho. Nilimeza dawa, nikapona. Lakini nilirudi kuoga pale pale, nikaugua tena. Mwenzangu wa mtumbwini hakwenda kupimwa. Tumbo lake lilivimba kwa miaka, akatapika damu, akafa. Ameacha watoto wanne."

Vijana wakanyamaza. Mama mmoja akauliza, "Mzee, ugonjwa huo unaingiaje mwilini wakati maji ni safi kwa macho?"

Kichocho huingiaje?

Kichocho ni ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo. Katika Ziwa Viktoria kilichoenea zaidi ni kichocho cha tumbo. Safari ya mnyoo huu ni kama ifuatavyo:

1. Mgonjwa anakwenda haja kubwa majini au kando ya maji. Mayai ya kichocho yanatoka pamoja na choo.

2. Mayai yanapofika majini yanaanguliwa. Kijidudu kinachotoka kinatafuta konokono wa majini na kuingia ndani yake.

3. Ndani ya konokono kijidudu kinazaana. Baada ya wiki kadhaa konokono anatoa vijidudu vingi sana. Hutoka zaidi wakati jua likiwa kali.

4. Vijidudu hivyo vinaogelea vikimtafuta mtu. Vikimgusa, vinatoboa ngozi yake kwa dakika chache tu. Havingojei kidonda. Macho hayawezi kuviona.

5. Ndani ya mwili vinakua na kuwa minyoo. Minyoo inakaa katika mishipa ya damu karibu na utumbo na kutaga mayai. Mayai mengine yanatoka na choo. Mengine yanakwama kwenye ini na kuliharibu. Ndiyo maana tumbo huvimba.

Basi kichocho kinahitaji vitu vitatu: choo cha mgonjwa, konokono, na mtu anayeingia majini. Ukiondoa kimoja, ugonjwa unakosa njia.

Somo hili si geni nchini kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya ilifundisha watu wazima karibu milioni 2. Kichocho kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosomwa.

Tuchague kwa kutazama nini?

Tutazame kwanza konokono. Wanapenda maji yaliyotulia, yenye majani na matete. Ghuba iliyo karibu na nyumba za watu na isiyo na vyoo ni mbaya zaidi. Ghuba yenye mawimbi na mchanga ina nafuu, lakini nafuu si usalama. Katika ziwa hili wapo konokono wanaoishi hata kwenye mchanga chini ya maji.

Pili, tutazame wanyama. Mamba hujificha kwenye matete na maji ya udongo. Kiboko hushinda majini mchana na hutoka usiku kula majani. Waulizeni wavuvi kabla ya kukanyaga maji. Kisiwa cha Rubondo kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Maji yake yana mamba na viboko. Si mahali pa kuogelea, hata maji yakiwa maangavu.

Tatu, tutazame upepo na kina. Ghuba yenye mawimbi makubwa inaweza kumchukua asiyejua kuogelea.

Wengine huuliza, "Mbona huko pwani watu huogelea bila hofu ya kichocho?" Ni kweli. Kisiwani Mafia, katika ghuba ya Chole, wageni huvaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Huinamisha uso majini wakatazama matumbawe na samaki wa rangi. Konokono wa kichocho hawaishi katika maji ya chumvi ya bahari. Hata hivyo, mtu wa pwani naye huchagua. Hutazama maji kujaa na kupwa, mkondo, na upepo wa kusi au kaskazi.

Darasa liliamua nini?

Wanakisomo wengi waliamua kutoingia majini. Walipanda mtumbwi, wakala samaki, wakatazama ziwa. Vijana wawili hawakusikia. Walikwenda ghuba ya pili, wakaoga.

Mzee hakuwagombeza. Aliwaambia, "Ikipita miezi miwili nendeni zahanati mkapimwe."

Walikwenda. Mmoja hakukutwa na kitu. Mwenzake alikutwa na mayai ya kichocho. Labda aliupata ugonjwa siku ile, labda aliupata zamani kwingine. Dawa ni ile ile. Alipimwa uzito, akapewa vidonge vya prazikwanteli. Sasa ni mzima, na ndiye aliyeongoza kuchimba choo cha darasa.

Tukumbuke

Tujenge vyoo na tuvitumie. Tusiende haja majini.

Maji ya ziwa ya kuoga tuyachemshe kwanza. Tukikosa kuni, tuyaweke chomboni siku mbili bila konokono ndani. Vijidudu vya kichocho vitakufa. Lakini maji ya kunywa lazima yachemshwe.

Mvuvi hawezi kukwepa maji. Basi apimwe mara kwa mara.

Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini. Haizuii mingine kuingia kesho.

Maneno ya kujifunza

Ghuba: mahali ambapo maji yameingia ndani ya nchi kavu.
Mwalo: mahali mitumbwi inapofikia na samaki wanaposhushwa.
Matumbawe: mawe ya baharini yanayojengwa na viumbe wadogo.

Maswali

1. Kwa nini vijana walipenda ghuba ya kwanza?
2. Vitu gani vitatu vinahitajika ili kichocho kienee?
3. Kwa nini mzee aliugua mara ya pili?
4. Jadilianeni: Katika kijiji chenu watu huoga na kufua wapi? Je, pana choo karibu? Nani atakichimba, na lini?