Mkuu wa Shule Akishindikana: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi

Barua nyingi za kumlalamikia mkuu wa shule hufia mezani kwa sababu ya neno moja: "mkali". Au "ana dharau", au "anaongoza kidikteta". Afisa elimu anayezisoma hana la kufanya nazo. Ukali si kosa la kinidhamu, na mkuu akiitwa atajibu kwamba aliikuta shule walimu wanaingia saa mbili na nusu, yeye akaikaza. Mara nyingine atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, geuzeni sifa iwe tendo: alifanya nini, tarehe gani, mbele ya nani, na alikiuka utaratibu upi.

"Anatudharau" haishikiki. Lakini mkiandika kwamba siku fulani, mstarini asubuhi, alimfokea mwalimu wa zamu mbele ya wanafunzi wote na kumwambia arudi chuoni akasome upya, na walimu wanne walisikia, hapo kuna jambo la kuulizwa na kujibiwa. Nunueni daftari. Andikeni siku hiyohiyo, kwa maneno yaliyosemwa, bila kuongeza chumvi. Kumbukumbu iliyoandikwa wiki tatu baadaye hunuka hasira, na anayesoma huisikia harufu hiyo.

Mwongozo huu unahusu shule za serikali Tanzania Bara. Kwenye shule binafsi mwajiri ni mmiliki, na mgogoro wa mwalimu na mwajiri wake huishia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hiyo ni safari nyingine.

Chujeni kwanza

Yaliyomo kwenye daftari yatajigawa yenyewe. Kuna ya fedha. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ada imefutwa na ruzuku ya uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Mapato na matumizi yake yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kama ubao mtupu, msianze kwa kusema mkuu anakula hela. Ulizeni muhtasari wa kikao cha kamati ya shule, au cha bodi kwa sekondari, kilichopitisha matumizi hayo. Vyombo hivyo vimewekwa na Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978, navyo si mapambo, ingawa ziko kamati ambazo mwenyekiti wake huitwa tu kutia saini akiwa njiani kwenda shambani. Muhtasari usipokuwepo, mna hoja nzito kuliko tuhuma yoyote ya wizi.

Kuna yanayowahusu watoto. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari la adhabu. Mkuu anayewaamuru walimu wote wasimame getini na fimbo kuwasubiri wachelewaji amevuka mpaka huo, hata kama matokeo ya mtihani yamepanda. Mzazi ana haki ya kuuliza daftari hilo lilipo. Mtoto aliyeumia apelekwe hospitali na polisi kwanza. Barua itafuata.

Yanayobaki ndiyo mtindo wenyewe: zamu zinazopangwa kwa upendeleo, ruhusa ya msiba inayokataliwa, barua za kujieleza zinazogawiwa kama karanga, vikao vya saa tatu ambavyo anaongea mtu mmoja. Hapa daftari linataka uaminifu zaidi. Mwalimu asiyeandaa somo naye huita kukaguliwa kuwa ni kunyanyaswa. Mkiiona hoja ya namna hiyo, ifuteni nyinyi kabla hajaifuta mkuu.

Walimu na wazazi wasiandike barua moja

Najua inavyovutia: majina themanini chini ya karatasi moja. Lakini wazazi wanaweza kuwa wamechoshwa na michango ya masomo ya ziada ambayo baadhi ya walimu ndio wanaonufaika nayo, na walimu wakawa wamechoshwa na ukaguzi ambao wazazi, wakiulizwa vizuri, wangeupigia makofi. Barua ya pamoja huficha tofauti hizo mpaka siku ya kikao cha usuluhishi, na mkuu mwerevu atazitoa hadharani dakika kumi za kwanza. Pia mwalimu ni mtumishi anayefungwa na kanuni za utumishi wake, ilhali mzazi hafungwi nazo. Kila upande uandike yake.

Wazazi njia yao ni fupi: waombe kikao cha kamati au bodi, na lisipotatuliwa hapo, kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Wajue mapema kwamba kamati haina uwezo wa kumfukuza mkuu. Inaweza kushauri, kuhoji na kuandika. Anayemwondoa ni mamlaka iliyomteua, na itafanya hivyo kwa karatasi, si kwa kelele.

Njia ya mwalimu ina kona. Aanze ndani: alifungue jambo kwenye kikao cha walimu, ahakikishe limeingia kwenye muhtasari. Kisha mwakilishi wa Chama cha Walimu Tanzania (CWT) shuleni aende naye kwa mkuu, wakae watatu tu. Ikishindikana ndipo barua, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa maana desturi ya serikali inataka barua ya mtumishi ipitie kwa mkuu wake, yaani kwa huyohuyo unayemlalamikia. Iandikeni hivyohivyo, "kupitia kwa Mkuu wa Shule", mpelekeeni, abaki na nakala na awasainie kwamba ameipokea. Akikataa kuipitisha, andikeni tarehe ya kukataa na jina la shahidi, kisha nakala iende kwa afisa elimu na ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya. Tume hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ndiyo yenye mamlaka ya nidhamu ya walimu kwa makosa makubwa. Mkuu ni mwalimu pia, kwa hiyo naye yumo mikononi mwake.

Tuhuma za rushwa ni za TAKUKURU, wala hazihitaji kupitia kwa mtu. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015.

Yatakayowageukia

Msifunge geti. Msiwatume wanafunzi wagome au waandamane. Siku hiyo kesi ya mkuu inakufa, ya kwenu inazaliwa, na anayesimamishwa masomo ni mtoto. Msisitishe vipindi: mgomo wa walimu wa mwaka 2012, ulioitishwa na CWT yenyewe, ulizuiwa na Mahakama Kuu kwa kukiuka sheria, sembuse wa walimu kumi na wawili wa shule moja ya kata. Kwenye makundi ya WhatsApp msiandike "mwizi". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo, na picha ya ujumbe wako itamfikia mkuu kabla hujamaliza chai. Diwani naye asiitwe mapema. Akiingia, jambo hugeuka la kura, na kila ofisi iliyokuwa tayari kusikiliza huanza kujihami.

Mkuu akihamishwa hatimaye, msishangilie mkasahau makabidhiano. Mwenyekiti wa kamati aombe kuwepo, na vitabu vya fedha, orodha ya mali na madeni ya wazabuni viwe mezani siku hiyo, vikisainiwa na anayetoka na anayeingia. Madai yasiyoandikwa hapo, mkuu mpya atasema hayamhusu.