Daktari Ambaye Hakuwapo

Wasomaji wanauliza, mwalimu wa filamu anajibu.

Mwalimu, baada ya kuiona The Last King of Scotland nilimtafuta yule daktari wa Idi Amin, mtawala wa Uganda, kwenye vitabu vya historia. Mbona simwoni?

Hutamwona, ndugu yangu. Nicholas Garrigan ni mtu wa kubuni, alizaliwa kwenye riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Mwongozaji Kevin Macdonald alimwingiza kwenye filamu yake ya 2006 kwa sababu moja kubwa: mwisho wa Amin tunaujua. Tungemtazama peke yake, tungeshamhukumu kabla hajafungua mdomo. Lakini akiwekwa kando yake kijana mgeni, mpenda raha, anayelewa sifa upesi, tunajikuta tunamcheka na kumpenda Amin pamoja naye. Hofu inakuja tukiwa tumeshanaswa.

Tofauti yao inajengwa wapi hasa?

Tazama tena tukio la ng'ombe. Gari la rais limemgonga, Amin ameumia mkono, Garrigan anaufunga bendeji. Ng'ombe analia kwa maumivu na hakuna anayethubutu kufanya kitu. Daktari, uvumilivu ukimwishia, anaichukua bastola ya rais mwenyewe na kummaliza mnyama. Askari wananyanyua bunduki. Kisha Amin anagundua kwamba kijana huyu ni Mskoti, uso unachanua, na wanabadilishana mavazi: shati la kijeshi kwa fulana ya Uskoti. Kifo, hofu na urafiki vimepita ndani ya dakika chache, na tumeshajua kuwa daktari naye anapenda kushika bunduki.

Maumbo nayo yanasema. Forest Whitaker ni pande la mtu, James McAvoy ni mwembamba. Mpigapicha Anthony Dod Mantle anaisogeza kamera, mara nyingi ya mkononi, hadi unaona jasho usoni mwa Amin. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hii, na Oscar aliyoipata aliistahili.

Na uhariri je?

Unabana miaka. Mapinduzi ya Januari 1971 yaliyompa Amin madaraka, kufukuzwa kwa Waasia 1972 na mateka wa ndege iliyotekwa na kutua Entebbe 1976 vinafuatana kana kwamba ni msimu mmoja, Garrigan hazeeki. Hilo nalikubali, hakuna filamu inayoweza kubeba miaka yote.

Basi kipi hukikubali?

Kay. Alikuwa mke wa Amin kweli, na alikufa kweli mwaka 1974. Filamu imemtwisha mapenzi na daktari ambaye hakuwapo, ikayafanya kuwa chanzo cha kifo chake. Kumbuni mtu wa kumtazama mtawala, sawa. Kumsingizia marehemu asiyeweza kujitetea, hapana.

Linaniuma pia kwamba Waganda wamesukumwa pembeni kwenye msiba wao wenyewe. Dakta Junju, anayeigizwa na David Oyelowo, anamsaidia Garrigan kutoroka ili akaueleze ulimwengu ukweli, kwa kuwa yeye ni mzungu na ataaminiwa. Junju anauawa. Mzungu anapanda ndege.

Ipo filamu iliyofanya vizuri zaidi?

Queen of Katwe ya Mira Nair, 2016, kuhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyeinuliwa na mchezo wa sataranji. Oyelowo yumo tena, safari hii kama kocha Robert Katende. Anayekinzana naye ni Harriet, mama wa Phiona, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o. Hakuna mwovu kati yao. Kocha anataka binti aone mbali. Mama anaogopa kwamba akishaona mbali, nyumbani hapatamtosha tena. Wote wawili wanampenda, na wote wawili walikuwapo.

Ukiitazama, usizime majina yanapoanza kupita. Waigizaji wanatokea mmoja mmoja, kila mmoja amesimama na mtu halisi aliyemwigiza.